Nimestaafu ualimu nafuatilia kereng'ende, mke wangu anasema nimeajiriwa na wadudu

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nimefundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi, na sasa niko kwangu wilayani Muheza, mkoani Tanga, chini kidogo ya milima ya Usambara Mashariki. Watoto wamekwisha kujitegemea. Tumebaki mimi, mke wangu na mjukuu mmoja anayesoma shule ya msingi.

Wenzangu waliostaafu wanafuga kuku au wamefungua maduka. Mimi nimeshikwa na kereng'ende. Ilianza zamani, nilipokuwa nawapeleka wanafunzi kijitoni kutazama viumbe wa majini, ila nafasi ya kulifuata jambo hili sawasawa nimeipata baada ya kustaafu. Jua likishapanda (kereng'ende hawapendi kuruka kukiwa na baridi) natoka na daftari la kaunta, kalamu ya risasi, simu yenye kamera nzuri aliyoniachia mwanangu, na kijiwavu nilichoshona mwenyewe kwa chandarua kilichochakaa. Naandika tarehe, saa, hali ya maji, kama pana kivuli au hapana, na kila kereng'ende ninayemtambua. Nisiowatambua nawakamata na kuwatazama mishipa ya mabawa kwa lenzi, na baadhi nawahifadhi kwenye chupa za spiriti. Mara nyingine hufika hadi ndani ya hifadhi.

Kuna kitu nimekiona. Kijito nikitazamacho zaidi kina kona moja. Juu ya kona msitu bado upo, na pale wapo kereng'ende wembamba wanaotua mabawa yakiwa wazi, hawafungi kama wenzao. Chini ya kona miti imekatwa, watu wanalima hadi ukingoni. Madaftari yangu ya zamani yanaonyesha hao wembamba walikuwa wakionekana chini pia. Siku hizi siwaoni kabisa, wamebaki wale wekundu wanaopatikana hata kwenye madimbwi ya barabarani. Nimetaka kujua kama kuna aliyeandika juu ya jambo hili, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Ukitafuta kwenye intaneti makala unaziona, unasoma muhtasari, halafu unaambiwa ulipe dola 35, nyingine dola 40, yaani karibu laki moja kwa makala moja. Nimelipia kadhaa kwa kadi ya mwanangu, fedha ikitoka kwenye kiinua mgongo. Moja ilikuwa na kurasa mbili tu na haikunisaidia chochote. Kijana wa steshenari akanionyesha tovuti inayotoa makala hizo hizo bure, lakini nikisoma naona ni kama mali ya wizi. Mimi ni mzee wa kanisa.

Kisha, tangu nijiandikishe kwenye mtandao mmoja wa watafiti, napata barua pepe zinazoniita "Mheshimiwa Profesa". Jarida moja limenialika nichapishe utafiti wangu ndani ya siku saba kwa dola 600. Na mhadhiri mmoja wa chuo alipita huku na wanafunzi wake, akayaona madaftari, akafurahi sana. Anataka ayachukue "akayafanyie kazi", na jina langu litatajwa kwenye shukrani. Anangoja jibu.

Mke wangu amechoka. Anasema, "Umestaafu serikalini, sasa umeajiriwa na wadudu, tena bila mshahara." Hizo dola 600 kwake ni tangi la maji na bati za jiko. Juzi niliteleza kwenye mawe nikarudi nachechemea, nikamkuta anaingoja simu yangu ambayo huko bondeni haishiki mtandao. Hakusema neno usiku ule.

Nilipie nichapishe jina langu likiwa peke yake? Nimpe mhadhiri? Au niache, nifuge kuku kama wenzangu?

Mwalimu wa Kijitoni, Muheza

MAJIBU

Shikamoo mwalimu.

Nimeisoma barua yako kwa raha, na nikirudia ile sehemu ya kona ya kijito najikuta nataka kujua mwisho wake. Nakuambia hivi mapema kwa sababu swali lako la mwisho, la kuku, umeliweka kama vile kazi unayoifanya ni mchezo wa mzee asiye na shughuli. Sidhani kama mwenyewe unaamini hivyo. Mtu asiyeamini kazi yake haandiki hali ya kivuli kwenye daftari.

Umeniuliza kuhusu fedha na kuhusu jina. Ila kila unapoeleza shida, naona mtu anayefanya kazi peke yake: unasoma peke yako, unaamua peke yako kama makala inafaa kununuliwa, unateleza peke yako. Anayekuita profesa ni jarida lisilokujua, na anayeyathamini madaftari yako anataka kuondoka nayo. Huenda kinachokuuma zaidi ni kukosa mtu wa kukaa naye mkafunua daftari, pengine kuliko hata ile milango ya dola 40. Nipinge kama nimekosea, wewe ndiye uliyeko kijitoni.

Milango yenyewe, hata hivyo, tuizungumze, kwa sababu mingi haijafungwa kama inavyoonekana. Bei ile ya laki moja mwandishi wa makala haioni. Watafiti kwa kawaida hawalipwi na majarida kwa makala zao, na wengi hufurahi mtu akiwaandikia kuomba nakala. Chini ya jina la mwandishi kwenye muhtasari mara nyingi pana anwani ya barua pepe. Andika mistari michache: wewe ni nani, unatazama kijito gani, unaomba makala gani. Wengine watakaa kimya. Wengine watakutumia hiyo na nyingine tatu ambazo hukuziomba, na hapo utakuwa umepata mtu, kitu ambacho dola 40 hazikupi.

Kwa maandishi ya zamani ipo maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, ambayo imepiga picha vitabu na majarida ya kale ya viumbe na kuyaweka bure kwa yeyote. JSTOR nayo humruhusu mtu binafsi aliyejiandikisha kusoma makala nyingi mtandaoni bila malipo kila mwezi, ingawa si kuzipakua. Kuna pia Unpaywall, kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari, ambacho ukifungua makala iliyofungwa hukuambia kama mwandishi ameweka nakala halali ya bure mahali pengine. Kabla ya kutoa kadi ya mwanao, pita huko kwanza.

Halafu kuna Research4Life. Huu ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, ulioanza mwaka 2002 na tawi lake la afya la HINARI, na Tanzania iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake husoma bure. Shida yake kwako ni kwamba unasajili taasisi, hausajili mstaafu mmoja mmoja. Lakini Muheza yako ina bahati: kituo cha Amani cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kiko huko huko wilayani, na vyuo havikosekani Tanga mjini. Nenda kwa mkutubi, umuulize kama mgeni anaruhusiwa kukaa pale pale maktabani akasoma. Wakutubi ni watu wanaosahauliwa sana, na mzee anayekuja na orodha ya makala za kereng'ende atakumbukwa.

Ile tovuti ya kijana wa steshenari nadhani naijua. Inayojulikana zaidi ni Sci-Hub, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliiamuru ilipe fidia ya dola milioni 15 kwa kampuni ya uchapishaji ya Elsevier. Kisheria basi, wasiwasi wako una msingi. Wapo watafiti wa nchi maskini wanaosema maarifa yaliyotafutwa kwa fedha za umma hayapaswi kuuzwa tena kwa umma, na hoja yao si ya kipuuzi. Wapo wanaosema sheria ni sheria. Mimi sitakaa kwenye kiti cha dhamiri yako, mwalimu. Nitakuongezea hatari moja tu ambayo kijana huenda hakukutajia: tovuti bandia zinazojifanya ni ile yenyewe zimejaa, na nyingine hupandikiza virusi kwenye kompyuta au huomba namba ya kadi. Ukiona kwamba milango halali niliyoitaja inakutosha, swali hili huenda likapungua uzito lenyewe.

Sasa zile dola 600. Hapa naomba nikuulize swali gumu kidogo: hilo jarida limesoma nini chako? Hujawapelekea hata ukurasa mmoja, na tayari wameona wewe ni profesa mheshimiwa. Jarida lenye wahakiki wa kweli, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, haliwezi kuahidi siku saba, maana wahakiki wenyewe huchukua majuma, mara nyingi miezi, kisha hukurudishia makala ikiwa na maswali yanayouma. Si kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli. Mengi ya heshima hutoza, na baadhi hupunguza au kufuta ada kwa mwandishi wa nchi kama yetu akiomba, na yapo yasiyotoza kabisa. Ila kuna hatari mbili za kutazama. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni kwamba ukishachapisha takwimu zako huko, jarida zuri litakuambia kazi hii imekwisha kuchapishwa, hatuipokei.

Kuna mstaafu mmoja wa Ujerumani, Thomas Royen, mtaalamu wa takwimu, ambaye mwaka 2014 alilithibitisha wazo ambalo wanahisabati walihangaika nalo kwa miongo kadhaa. Akalichapisha kwenye jarida la India lisilojulikana sana, ambalo yeye mwenyewe alikuwa kwenye bodi yake. Uthibitisho wake ulikuwa sahihi. Hata hivyo hadi mwaka 2017 watu wengi wa fani yake walikuwa hawajausikia. Royen hakujali sana, anavyosimuliwa. Wewe ungejali? Kama unachotaka ni jina kwenye karatasi ili watoto na wanakanisa walione, hilo ni tamanio la kibinadamu kabisa na halina aibu, lakini tulitaje kwa jina lake. Kama unachotaka ni anayeamua kuhusu kijito kile asome na abadilishe jambo, basi ukurasa usiosomwa na mtu hautalisaidia bonde.

Kuhusu mhadhiri, umenieleza mambo mawili ambayo hayalingani vizuri. Alifurahi sana, na jina lako litakuwa kwenye shukrani. Shukrani hupewa aliyeazimisha gari au aliyepika chai ya watafiti. Aliyetembea kijitoni miaka yote ile akaona kona inatenganisha viumbe anaweza kustahili zaidi, na pengine mhadhiri hajawahi kuulizwa. Huenda unadhani ana nia ya kukunyang'anya. Inawezekana. Inawezekana pia ni mtu wa vyuo aliyezoea utaratibu wa vyuo, ambaye hakufikiri kwamba mzee mwenye kijiwavu cha chandarua angetaka kuwa mwandishi mwenzake.

Upande wa Usambara Magharibi, Lushoto, mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. (Sisi walimu tuna dhambi zetu.) Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliporudi Dar akajaribu, na makala iliyotoka mwaka 1969 ilikuwa na majina yote mawili, la Mpemba na la Osborne. Mhadhiri alileta maabara, mwanafunzi alileta alichokiona. Mfano wa karibuni ni wa David Smith, fundi mstaafu wa uchapaji huko Yorkshire, Uingereza, ambaye mwaka 2022 alipata umbo la kigae lililotafutwa muda mrefu na wanahisabati. Hakuwa na shahada ya hisabati. Alimwandikia msomi anayemwamini, wakaongezeka wengine wawili, na makala ilipotoka jina la Smith lilikuwa la kwanza.

Sikusimulii hayo ili nikuambie mkubalie. Wapo waliotoa madaftari yao na hawakuyaona tena. Ila kati ya kumpa yote na kumnyima yote pana njia pana. Unaweza kupiga picha kila ukurasa kabla daftari halijavuka mlango, kazi ambayo mjukuu anaweza kukusaidia. Unaweza kuziweka takwimu zako Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu mwaka 2013: ni bure, yeyote anaweza kuweka, na utapata tarehe na namba ya kudumu inayoonyesha kazi ni ya nani. Unaweza kumwomba mhadhiri aandike, hata kwa barua pepe, nani atafanya nini na majina yatapangwaje. Atakavyolipokea ombi hilo utakuwa umejifunza jambo kuhusu yeye. Na wewe pia ujiulize: uko tayari akikuambia kwamba idadi zako hazitoshi, au kwamba ulimtambua vibaya kereng'ende fulani? Kufanya kazi na mtu kuna gharama hiyo.

Kwa kutambua, zipo njia zisizohitaji yeye wala jarida. Picha zako zinaweza kwenda iNaturalist, au OdonataMAP ya Afrika Kusini, ambayo hupokea picha za kereng'ende kutoka bara zima, na wajuzi huzitazama na kutaja majina. Hapo kuna tahadhari ya kwako hasa. Ukielezea wembamba wa kijito cha msituni karibu na Amani, mtu anayewajua atakaa sawa kwenye kiti. Kuna mmoja, Amanipodagrion gilliesi, ambaye anajulikana kutoka misitu ya Amani peke yake na amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sisemi wako ndiye. Wapo wengine wembamba, na kwa maelezo ya barua hakuna awezaye kuamua. Lakini kama kuna uwezekano, basi chupa za spiriti zinahitaji mazungumzo. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukusanya viumbe ndani yake kunahitaji kibali. Ofisi yao unaijua. Ukienda mwenyewe ukawaeleza, kuna hatari wakakupa masharti yasiyopendeza. Usipokwenda, hatari ni kwamba siku ya kuchapisha utaulizwa vielelezo vilipatikana kwa kibali gani, na ukose jibu. Picha na daftari havina shida kubwa hiyo, na kwa swali lako la kona huenda vinatosha.

Jambo moja dogo kabla sijamfikia mama. Jina gilliesi linatokana na Mick Gillies, aliyekuwa Amani kwa kazi ya mbu na malaria. Mshahara wake ulitoka kwenye mbu.

Sasa mama. Umeandika kwamba amechoka, ukaweka tangi na bati, kisha katika sentensi mbili za mwisho ukaniambia ulirudi unachechemea na hakusema neno usiku ule. Ningependa kuuliza, kwa upole, kama ugomvi ni wa fedha kweli. Tangi la maji ni hoja halali, na yeye ana haki na kiinua mgongo kama wewe, maana miaka ile ulipokuwa unasahihisha mitihani usiku kuna aliyekuwa anapika na kulea. Lakini mtu anayeingoja simu isiyoshika mtandao hafikirii bati. Anafikiria mawe yanayoteleza na mume wa umri wake aliyeko bondeni peke yake. Utani wa kuajiriwa na wadudu unaweza kuwa namna yake ya kusema jambo ambalo halisemeki kirahisi: alitegemea ukistaafu utarudi nyumbani, na hujarudi.

Huenda nimesoma zaidi ya kilichoandikwa. Muulize. Usimuulize "unaonaje hizo dola 600", maana jibu lake unalo. Muulize ni kitu gani hasa kinamkosesha usingizi unapotoka. Huenda akataka siku za kijitoni zijulikane, saa ya kurudi ijulikane, na usiende bila mtu. Wanafunzi wako wa zamani si wamejaa hapo kijijini? Siku za Jumamosi mjukuu naye ana macho makali kuliko yako na yangu, ingawa bibi yake huenda asikubali mtoto akaribie mawe yale, na hapo msibishane. Mnaweza pia kukaa chini mkatenga kiasi fulani cha pensheni kwa ajili ya bando na nauli ya Tanga maktabani, kiwe cha wazi, na kilichobaki kisiguswe na kereng'ende. Labda atakataa hata hicho. Basi angalau mtakuwa mnabishana juu ya kitu kile kile.

Kuacha kabisa nako ni njia, sitaificha. Watu huacha vitu wanavyovipenda kwa ajili ya amani ya nyumba, na wengine hawajuti. Wewe umeitaja mwishoni, haraka haraka, pamoja na kuku. Kama utaichagua, angalau madaftari yawe mahali ambapo mwingine anaweza kuyasoma, kwa sababu kumbukumbu za chini ya kona, za wakati miti ilipokuwepo, hakuna anayeweza kurudi kuziandika upya.

Mhadhiri umesema anangoja. Hakuna kinachokulazimisha kumjibu ndiyo au hapana wiki hii. Unaweza kumwandikia kwamba madaftari yapo salama, kwamba una maswali kuhusu majina na nakala, na kwamba akipita tena Muheza ungependa kwanza mwende naye mpaka kwenye kona, yeye atangulie juu ya yale mawe.